Begi Langu Ndilo Kubwa

Jumatatu, 13 Aprili
Mvua haikomi. Mama Apondi, mwenyekiti wetu wa nyumba kumi, ameagiza kila mtu wa ploti hii aandae begi la dharura, mto ukifurika ashike na kukimbia. Jumamosi atakagua. Mwenye begi bora atakuwa kiongozi wa mafuriko. Cheo! Tena chenye filimbi! Jirani yangu Owuor tayari analo: tochi, maji, vitambulisho ndani ya nailoni. Mke wangu Nabwire amesema huyo ni mwanaume anayejali nyumba yake. Amesema nikiwa hapo hapo! Chai niliiacha mezani.

Jumatano, 15 Aprili
Nimepata begi la mtumba sokoni Gikomba. Mara mbili ya lile la Owuor! Cha kutia ndani sina. Nabwire ameniambia nianze na dawa ya kifua ya binti yetu Mideva. Nimemjibu aniachie, mimi ni fundi wa mipango.

Jumamosi, 18 Aprili
Ushindi! Nimejaza matakia ya kochi na matofali mawili. Mama Apondi alijaribu kuliinua, akashindwa, akasema hapa kweli pana maandalizi. Alipotaka kufungua, nikamwambia limefungwa kitaalamu. Filimbi ni yangu. Owuor alinipa mkono akitabasamu. Tabasamu gani lile? Sikulipenda hata kidogo.

Jumatatu, 20 Aprili
Mto umevunja kingo saa tisa mchana. Nikapuliza filimbi. Tukakimbilia kanisani, matofali yakinitwanga kiuno njia nzima. Mideva akaanza kukohoa, kifua kikambana. Nabwire akanitazama. Ploti nzima ikaniambia, haya kiongozi, fungua. Nikafungua. Takia. Tofali. Ardhi ingepasuka ningeshukuru.

Owuor akafungua lake. Mkate, blanketi, na dawa ya Mideva! Kumbe Nabwire alimpa aiweke tangu Jumamosi, alipokuta kochi halina matakia. Mtoto akapumua vizuri. Nikashukuru Mungu, nikaona aibu kubwa. Aibu ilikaa hadi kipande cha pili cha mkate.

Jumanne, 21 Aprili
Nimetafakari. Mwanaume anayebeba dawa za watoto wa wenzake ana wivu tu. Pole yake! Mkate wenyewe haukuwa na siagi. Mama Apondi amedai filimbi ampe Owuor. Nimemwambia ilisombwa na maji. Ninayo mfukoni. Kesho narudi Gikomba, kuna begi nililiona lina magurudumu.