Msasa Usikiguse Kiganja cha Marehemu Baba

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Wapenzi wa Redio za Upepo.

Natumaini barua hii itakukuta salama na mitambo yako yote inanguruma. Mimi huku ni mzima wa mwili, lakini roho yangu imekwaruzwa.

Baba yangu alikuwa mwanachama wako mpaka tulipomzika. Ametuachia redio yake ya upepo, ile aliyokuwa akiitumia kuongea na watu wa nchi za mbali ambao hakuwahi kuwaona, na mazungumzo yao yote yalikuwa kuulizana hali ya hewa. Ni sanduku la bati la rangi ya kijivu, limebabuka kila pembe. Juu yake, upande wa kulia, pana mahali rangi imekwisha kabisa na bati linang'aa, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Hapo ndipo baba alipokuwa akiweka mkono anapoongea. Kila jioni naweka wangu hapohapo, na nakwambia kweli, naona kama ataniita.

Sasa mdogo wangu, ambaye ni mpiga rangi wa magari, ameapa kuipaka upya kabla ya maonyesho yenu. Rangi aliyochagua ni nyekundu ya kumetameta, kwa sababu kuna mteja aliyeacha nusu kopo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ameleta msasa nyumbani kwangu. Ameuweka juu ya meza ya chakula, mchana kweupe, kama mtu aliyeleta mkate.

2. Mke wangu amefuta vumbi la redio. Vumbi lile lilikuwa la enzi za baba. Niliwahi kuliokoa kwenye kizoleo nikalirudisha kwa kijiko cha chai, ila sina hakika kama kila punje imekaa mahali pake. Wataalamu wenu watanisamehe.

3. Ndani ya redio wanaishi mende, na mdogo wangu anataka kuwapulizia dawa. Nimemweleza kwamba babu zao walimsikia baba akiongea, kwa hiyo hao ni mashahidi, tena ndio waliobaki. Akanicheka. Huyu mtoto tulimlea wapi?

4. Fundi redio alisema imekufa valvu moja tu, akiibadilisha itaongea. Nikamkatalia. Valvu iliyokufa ndiyo aliyoitumia baba, na heri redio inayonyamaza kwa vyombo vyake kuliko inayopiga domo kwa vya kuazima. Fundi aliondoka bila kuaga, akasahau bisibisi. Nayo nimeihifadhi.

5. Kwa kuwa sheria ni msumeno, nimeipitisha nyumba nzima. Kiti cha baba kilichovunjika mguu hakigongwi msumari. Paa linavuja palepale lilipovuja akiwa hai. Mke wangu alipotaka kutia nywele rangi nyeusi, nilimwomba kwa heshima zote abaki katika hali yake halisi. Amekwenda kwa dada yake. Amebeba na sufuria mpya, jambo ambalo sikulipinga, maana sufuria ile haina historia.

6. Mama, anayeishi kwa huyo mdogo wangu, mitaa miwili tu kutoka hapa, kila mara ananipigia simu niende nikamwone. Hapo naona mkono wa mtu. Wanataka nitoke ili msasa uingie. Nimemjibu kwamba siwezi kuacha lindo, na kwamba yeye ni mama, ataelewa.

Kwa hiyo naomba chama kimpige marufuku mdogo wangu kukaribia redio yoyote. Kitume mtaalamu mwenye kioo cha kukuzia aje athibitishe kiganja cha baba kwa maandishi. Na siku ya maonyesho mende waingie bure, kama wanafamilia.

Nisalimie wajumbe wote, mweka hazina na kikohozi chake, na yule mama anayewapikia chai.

Ni mimi nisiyebanduka,
Kifungua mimba wa marehemu.

N.B. Barua hii ilikuwa bado inatafutiwa stempu mama alipofika mwenyewe, kwa miguu. Aliitazama redio, akaweka kiganja chake pale juu. Kikaenea sawasawa. Akasema, "Baba yako mkono mmoja ulishika kipaza sauti, mwingine kalamu. Wa kuweka hapo angeutoa wapi? Hapo ni mimi. Chakula kikipoa nilikuwa naipiga makofi hiyo redio mpaka aizime. Na yeye kila mwaka alikuwa anaipaka upya, kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka geti." Nilikaa kwenye kiti cha baba, nikaanguka nacho. Mama hakucheka. Akasema, "Unashinda na bati, mwanangu, na mwenye mkono yuko mitaa miwili."

Malalamiko yote nimeyafuta. Mke wangu amerudi, nywele nyeusi ti. Redio ni nyekundu, utaiona kwenye maonyesho. Nakuomba tu usimlaumu mpiga rangi kwa alama ya vidole vitano iliyoko juu. Mama aliipiga kofi kabla haijakauka, na mdogo wangu mwenyewe amekataa kuipitishia msasa.