Bwawa la Sketi Nyekundu

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kwanza ya kazi ya likizo. Tangu asubuhi nimesema maneno mawili tu: "shikamoo" na "samahani". La pili nililiambia toroli.

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, ni msanifu wa viwanja vya gofu. Mimi nilidhani nyasi zile hujiotea tu. Klabu imempa kipande cha ardhi kati ya viwanja viwili, atengeneze cha tatu, cha mashimo tisa. Kushoto kwetu ni Mkongwe, uwanja uliosanifiwa na mzee aliyekwisha kufariki. Picha yake imetundikwa ukumbini na macho yake yananifuata hadi chooni. Kulia ni uwanja wa msanifu ninayemwita Kofia. Kofia yu hai sana! Kofia yake pana kama sinia. Kila akipita husimama, huitazama ardhi yetu, hutikisa kichwa, eti anamhurumia tu huyu mtoto wa watu.

Tumebanwa katikati kama mtoto aliyelala na wazazi waliogombana.

Huu ndio uwanja wa kwanza ambao mama mdogo anausanifu peke yake. Akivurunda, kazi anapewa Kofia. Kila mtu saiti anajua.

Kazi yangu ni kushika ncha ya pili ya utepe wa kupimia. Naiweza. Utepe hauulizi maswali.

Jumanne, 5 Agosti

Nina wazo! Shimo la saba ni baya. Linakwenda moja kwa moja kama korido ya hospitali. Mkongwe una mti wake maarufu, Kofia ana daraja lake. Sisi tuna nini? Korido. Panatakiwa bwawa.

Nikajaribu kusema wakati wa chakula cha mchana. Nikafungua mdomo. Mama mdogo akanigeukia, akauliza kama nataka chumvi. Nikasema ndiyo. Nikala chumvi ya kumtosha ng'ombe. Shuleni nasomeshwa kwa lugha mbili, na zote zilinikimbia kwa pamoja, kila moja na mlango wake.

Bingwa hana shida hiyo. Bingwa ni mtoto wa mama mdogo, kaka yangu kwa ukoo, adui yangu kwa hiari yangu. Akasema, mdomo umejaa, eti shimo la tatu lipinde kidogo kushoto. Mama mdogo akapiga meza. "Mnamwona huyo? Damu yangu hiyo!"

Kupinda kushoto! Hata njia ya kwenda dukani inapinda kushoto.

Nimechora bwawa langu kwenye karatasi. Kesho nitaliacha mezani kwake kama limejiweka.

Jumatano, 6 Agosti

Kaweka birika la chai juu yake. Bwawa limejaa chai. Baadaye nikarudi kulichukua, halipo. Limetupwa, bila shaka. Nimelia kidogo nyuma ya tangi la maji.

Lakini nina mpango wa pili. Karatasi inaweza kuwekewa birika, ardhi haiwezi! Nimeikata sketi yangu nyekundu sehemu ya chini, nikapata vitambaa virefu. Wote walipokwenda kunywa chai nikachukua vigingi, nikavifunga vitambaa, nikalichora bwawa palepale chini. Nimepata sehemu nzuri iliyobonyea yenyewe, nyuma kidogo ya mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Mawe ya urembo, nadhani.

Kesho mama mdogo atapita, atasimama, atauliza ni nani huyu mwenye akili. Nami nitainamisha macho. Hilo silihitaji kulisema.

Alhamisi, 7 Agosti

Naandika nikiwa nimejifunika shuka gubigubi, na ni saa nane mchana.

Aliyetangulia kupita si mama mdogo. Ni Fundi Katapila, na mashine yake ya kuchimbia.

Kumbe kigingi chenye kitambaa cheupe maana yake usiguse. Chenye kitambaa chekundu maana yake chimba. Kila mtu saiti anajua. Kila mtu aliyewahi kuuliza.

Kumbe mawe ya chokaa ni mpaka. Nyuma yake ni Mkongwe.

Kumbe chini pana bomba.

Maji yakaruka juu kama yameitwa. Nyasi za marehemu zikaelea vipande vipande kama maandazi kwenye mafuta. Mwenyekiti wa klabu alikuwa akicheza huko. Alikwisha kupiga. Mpira wake ukaingia bwawani mwangu, chubwi! Yeye ndiye mtu wa kwanza kupoteza mpira humo. Haya niandike au nife? Kwa nukta moja nilijisikia fahari.

Kisha nikaona uso wa mama mdogo.

Ijumaa, 8 Agosti

Kofia alikuja asubuhi na mapema kutoa pole. Alitoa pole nyingi mno. Kesho kamati inakaa kuamua kama mama mdogo abaki au aende.

Mwenyekiti alimuuliza mama mdogo nani alipigilia vile vigingi. Mama mdogo akamtupia Bingwa jicho, la haraka tu. Kisha akasema yeye ndiye msanifu, na kila kigingi kilichoko saiti ni chake.

Anadhani ni Bingwa. Bingwa naye kaliona lile jicho. Leo hakupiga mluzi hata mara moja. Jioni akaniuliza, polepole, eti dada, wewe hukumwona mtu yeyote pale?

Nikasema sikuona mtu. Neno likanitoka bila kigugumizi. La uongo ndilo limenitoka sawasawa!

Mimi ni mdudu.

Jumamosi, 9 Agosti

Usiku nilitunga hotuba ya kukiri, kwa lugha zote mbili, nichague itakayokuwepo. Kwa tahadhari nikavaa ile sketi iliyobaki. Mdomo ukigoma, sketi itasema.

Ukumbi umejaa. Marehemu ukutani ananitazama. Kofia amekuja na ramani yake tayari kwapani, imekunjwa vizuri. Nikasimama. Lugha zote zikaondoka. Nikasimama tu, na sketi yangu yenye pindo la kutafunwa. Hakuna aliyeelewa. Mwenyekiti akauliza kwa upole kama mtoto anataka kwenda msalani.

Ndipo akaitwa Fundi Katapila, na kitambaa chenye tope mkononi. Akaanza kueleza. Akaitazama sketi. Akaja hadi nilipo, akainama, akakisogeza kitambaa kwenye pindo kama fundi cherehani anayepima. Vikalingana uzi kwa uzi.

"Ni mimi," nikasema. Nadhani hata marehemu alisikia.

Kamati ikanong'onezana. Mwenyekiti akasema kosa la msanifu kutojua mpaka ni jambo moja, na utundu wa mtoto ni jambo jingine. Mama mdogo abaki. Ila tutapanda upya nyasi za Mkongwe kwa mikono yetu, na mimi nisionekane tena na kigingi. Wala neno bwawa lisitajwe mbele yake.

Ramani ya Kofia ikarudi kwapani.

Bingwa alinipa tu sweta lake nijifunge kiunoni. Afadhali angenizaba kofi.

Jumapili, 10 Agosti

Mama mdogo aliniita mezani kwake, akafungua ramani kubwa. Shimo la saba. Pana bwawa! Kwa penseli, upande wetu wa mawe, zuri kuliko langu. Na pembeni, imebanwa kwa klipu, karatasi yangu yenye duara la chai.

Eti aliliona tangu Jumatano. Eti alikuwa ananingoja niseme mwenyewe, atangaze mbele ya wote kwamba shimo la saba ni langu. Eti hata ile chumvi ya Jumanne aliniuliza makusudi, aliponiona na mdomo wazi, nipate pa kuanzia.

Kisha akachukua kifutio, akalifuta. Taratibu, mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Korido.

Akaniomba kitu kimoja: siku nyingine sema, mwanangu, sema tu. Nikaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 11 Agosti

Shimo la nne linataka kilima. Nimeliona wazi leo nikipanda nyasi za marehemu.

Wakati wa chakula nikafungua mdomo. Mama mdogo akatulia, kijiko hewani, ananingoja kweli kweli. Bingwa naye akaacha kutafuna. Wote kimya, kwa ajili yangu.

Nikaomba chumvi.

Hata hivyo, Mwenyekiti alikataza vigingi. Fimbo hakuzikataza. Na kabatini kwa mama mdogo nimepata pazia kuukuu la njano, halina kazi. Njano kwa Fundi Katapila haina maana yoyote, nina hakika. Ningemuuliza, lakini naona haya.