Malalamiko Kuhusu Zimwi la Njia ya Mombo, Ambalo ni Mimi

Yoghoi, Lushoto
Jumapili

Kwa Mwalimu Evodia, mwenye mchezo wa mazimwi wa kila Jumamosi.

Mwalimu wangu,

Habari za baridi hii. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye jana mchana niliuawa na Dula kwenye kona za chini ya Soni. Kwa umri ni wewe ungeniamkia, lakini ualimu nao ni ukubwa, basi tuseme tumeshaamkiana, nikae niseme shida yangu. Niliishia darasa la tatu, nikamalizia na elimu ya watu wazima. Mistari ikipanda na kushuka ivumilie, hata nchi yetu huku ndivyo ilivyo.

Sina ugomvi na mchezo wenyewe. Mwanangu Kuluthumu amenieleza mpaka nimeelewa. Watoto wanakaa mezani kwako, kila mmoja anajifanya mtu mwingine, huyu mpiganaji, yule mganga, yule mwizi (mwizi ni mtoto wa katekista, sikusema kitu). Wewe unawasimulia njia iliyo mbele yao, na zimwi likitokea wanarusha lile dadu la pande ishirini aliloliacha yule mzungu wa kujitolea, ionekane nani kamshinda nani. Zamani mazimwi yalikuwa ya bibi zetu, machache, na tuliyajua. Siku hizi ni ruksa. Mitumba ruksa, vyama ruksa, kusafirisha mazao bila kuulizwa kibali ruksa, na zimwi kila mtoto anajitengenezea lake. Sawa. Dula katengeneza joka la vichwa saba. Kuluthumu akanitengeneza mimi.

Hakunificha. Alinisomea karatasi yake jikoni nikiwa namenya viazi. Zimwi la Njia ya Mombo. Linakaa kwenye kona za chini ya Soni, halilali. Limevaa kanga mbili na koti la mume wake. Linasikia mtu akivua viatu ng'ambo ya bonde. Anayeshuka mlima linamsimamisha na kumuuliza maswali matatu: Umekula? Unakwenda na nani? Utarudi lini? Asiyejibu vizuri linamgeuza, anarudi Lushoto na zamu yake imepotea. Hapo kwenye koti nikaacha kumenya. Sikukasirika, Mwalimu. Ila mtu akishakutengeneza, basi utengenezwe sawasawa. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nguvu. Nimepewa nguvu kumi na nne. Joka la Dula lina ishirini na mbili. Naomba kuuliza, joka hilo limezaa? Limepanda kutoka bondeni na ndoo kichwani, mtoto mgongoni na mwingine tumboni, na ukungu haujatoka? Vichwa saba si kazi. Mimi ninacho kimoja na kinafikiria mambo ya watu wanne.

2. Moto. Naambiwa ni sheria, kila zimwi lazima liwe na udhaifu, bila hivyo mchezo hauendi. Kuluthumu pale aliacha wazi. Ulimwuliza, akasema bado anafikiri. Ulipomwuliza tena, yaleyale. Ndipo jana ukaamua mwenyewe, ukaandika kwamba linaogopa moto. Mwalimu, mimi nawasha moto tangu sijang'oa meno ya utoto. Makaa nayageuza kwa vidole. Dula akaja na kijinga cha moto, akarusha dadu, nikafa. Ni Dula huyuhuyu ambaye alipoanguka kwenye mpichesi wetu, akiiba, nilimkanda mgongo mpaka akapona. Naambiwa alishangilia hadi benchi likaanguka. Alipopita hapa jioni nikamwuliza sababu, akasema, "Shikamoo mama. Samahani, ulikuwa mbele ya njia." Hiyo si samahani.

3. Mambo ya baada ya kufa. Kuluthumu alirudi nyumbani hakula. Nilidhani atafurahi, maana anayetaka kupita ni yeye. Wewe unajua, na tusifichane, ndiwe uliyeleta habari kwamba amechaguliwa kidato cha tano Tanga. Basi linaondoka kesho asubuhi. Mimi sijasema ndiyo. Amemtuma shangazi yake Mwanaisha. Amemtuma baba yake, ambaye anapeleka kabichi Dar es Salaam na hukubali chochote kinachopanda gari. Amekutuma wewe, ukaja na viatu vizuri kwenye tope, ukanieleza habari za wasichana wasomi na bweni lenye mlinzi. Nilikusikiliza, nikakupa chai. Wote mmesema nami vizuri. Na Kuluthumu mwenyewe tunaongea habari za kuni tu.

4. Kutokuwepo kazini. Hili nalilalamikia hata kabla mchezo haujaanza. Kaka yake, Salimu, alishuka kwa njia hiyohiyo. Nilikuwa shambani napalilia maharage. Niliporudi nikakuta kitanda kimetandikwa, na Salimu maisha yake yote hakuwahi kutandika kitanda. Mwaka wa nne huu. Salamu zinafika kwa makondakta, anauza redio, wanasema amenenepa. Mimi huo unene sijauona. Sasa zimwi la Njia ya Mombo siku hiyo lilikuwa wapi? Lilikuwa na jembe. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba nguvu kumi na nne zinatosha.

5. Vituo. Kona za Soni peke yake ni kidogo mno. Naomba kwanza nifufuliwe, kisha niwekwe pia Irente, pale juu ya jabali, mtu asije akateremkia Mazinde kwa miguu. Niwekwe njia ya Bumbuli. Niwekwe Amani, najua ni mlima mwingine, lakini watoto wa siku hizi wanazunguka. Niwekwe stendi ya Korogwe, ambapo vijana hununua machungwa dirishani na kusahau mizigo. Niwekwe getini kwa ile shule, upande wa mlinzi, nimsaidie. Na bwenini niwekwe chini ya kitanda, kwa ndani ukutani, nisimsumbue mwenzake wa juu. Sitasema kitu. Nitauliza tu kama amekula.

6. Kama hayo yote ni mazito kwa sheria za dadu, basi naomba moja tu. Andika kwamba mlima hauna njia ya kushuka. Wewe ndiye msimuliaji, ukisema barabara imekatika, imekatika. Mwaka wa mvua kubwa ilikatika kweli, hakupanda mtu wala kushuka, na hakuna aliyekufa. Tulikula viazi. Watoto wote walilala nyumbani, na kila usiku nilikuwa nikiwahesabu kwa miguu inayotokeza kwenye blanketi, nikalala mimi mwenyewe, jambo ambalo kwenye karatasi yangu limeandikwa haliwezekani.

Sikulaumu, Mwalimu. Na wewe ni mtoto wa mtu. Kwenu Bukoba ni mbali kuliko Tanga, na siku ulipopanda gari la kuja huku kuna mtu alibaki amesimama. Siulizi alikuwa na nguvu ngapi.

Nitafurahi nikipata jibu kabla ya basi la asubuhi. Nisalimie mwenye nyumba wako, mwambie zile mbegu za karoti zimeota. Msalimie mtoto wa katekista, aache wizi hata wa kujifanya. Lisalimie joka la Dula, vichwa vyote, lisione kwamba nimelisema vibaya, nalo lina aliyelitengeneza. Baba Kuluthumu anakusalimu. Kuluthumu angekusalimu, ila yuko ndani anakunja nguo, na mimi najifanya sisikii.

Ni mimi, niliyeuawa bila kosa,

Salama binti Hashimu
(Mama Kuluthumu)

Nyongeza, Jumatatu asubuhi.

Mwalimu, barua hii nilikuwa nimeshaifunga kwa uzi. Nimeifungua tena.

Alfajiri nilikuta sanduku lake liko mlangoni. Na mimi nilikuwa mlangoni, na koti. Nilijua ama atapita uani kama kaka yake, ama atamwita shangazi yake aje aseme. Hakumwita mtu. Alipiga magoti pale kizingitini, akanishika miguu, akasema, "Mama, nimekuja kukuaga. Naomba radhi yako. Usiponipa, sishuki."

Sikiliza, tangu jambo hili lianze watu wamenieleza, wamenishauri, wameniambia dunia imebadilika. Hakuna aliyeniomba.

Nikamwuliza maswali yangu. Amekula, viazi na maharage, nilimwona kwa macho. Anakwenda na Rahabu wa Gare, aliyechaguliwa shule hiyohiyo, mtoto mwenye adabu na tochi. Atarudi mwezi wa kumi na mbili. Hilo nilimrudisha aliseme tena, kwa sauti. Halafu nikaona niko pembeni ya mlango na sanduku limeshatoka. Sikumbuki kusogea.

Radhi nimempa, yote, sikubakiza. Sweta kavaa mbili. Tukiwa stendi nikamwuliza kwa nini ile nafasi ya udhaifu aliiacha wazi muda wote ule. Akasema alikuwa anahisi tu, hana uhakika, na hakutaka kuandika jambo ambalo hajalijaribu. Gari likaondoka. Nililisikia mpaka Soni, karatasi yake haikudanganya.

Basi yote niliyoandika hapo juu yafute, la vituo na la barabara pia, watu wana safari zao. La nguvu kumi na nne nabaki nalo. Moto ufute kabisa, na mahali pake andika: akiombwa radhi, hupisha. Najua sasa kila mtoto atapita. Waache wapite, lakini waombe.

Barua hii anakuletea Dula. Na wewe Dula, unayeifungua hapo darajani, nimekuona. Urudishe uzi kama ulivyokuwa. Ukitoka kwa mwalimu pitia hapa, nimepika kwa mazoea, viazi vimebaki vya mtu mmoja.