Nilivyonyolewa Nusu Kichwa Marani

Leo nimeaibika jamani, na soko lote la Marani ni shahidi.

Mnajua mimi hufundisha kwenye kile kituo cha vijana walioacha shule kwa kukosa karo. Wenzangu wanafundisha kushona, kunyoa na kuchomelea vyuma. Mimi nafundisha biashara, yaani jinsi ya kuongea na mteja. (Mdomo ninao. Kazi ya mikono Mungu aliwapa wengine.)

Leo mama mmoja mwenye duka kubwa la kinyozi Kisii mjini alikuwa anakuja kumwona mwanafunzi wetu Kwamboka akinyoa. Akiridhika, anampa kazi. Kwamboka analea mtoto peke yake, na maisha yake ni kuchuma chai kwenye mashamba ya watu. Kazi hiyo aliihitaji sana.

Sasa kikakosekana kichwa. Vijana wote walikuwa wameshanyolewa juzi, ati wapendeze mbele ya mgeni. Nikajitolea. (Hakuna aliyeniomba.)

"Mwalimu, una uhakika?" Kwamboka akaniuliza.

"Leo mimi si mwalimu. Niite mteja."

Mgeni akapiga simu kwamba ameshafika sokoni. Nikamwambia Kwamboka aanze, ili mama amkute kazini. Mashine ikalia vizuri. Upande wa kushoto ukaisha, safi kabisa. Akavuka katikati ya kichwa.

Stima ikapotea.

Mwalimu wa ushonaji akakimbia kwa jirani kuomba jenereta. Akarudi mikono mitupu. Jenereta imekodishwa, iko matangani. Kwamboka alikuwa amesimama na mashine mkononi. Na hapo hapo mgeni akaingia.

Akanizunguka pole pole, kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Huu ni mtindo gani?"

Nikaona msichana wa watu anapoteza kazi. Nikafungua mdomo. "Ni mtindo mpya, mama. Ndivyo nilivyoagiza."

"Wewe? Na hizo mvi?"

"Mimi."

Akamgeukia Kwamboka. "Ni kweli aliagiza hivi?"

Nikamkonyezea Kwamboka akubali. Nikamkonyezea tena, kwa nguvu zaidi.

"Hapana, mama," Kwamboka akasema. "Stima imepotea. Mwalimu ananionea huruma tu."

"Na mbona anakukonyezea hivyo?"

"Labda nywele zimemwingia machoni."

Darasa lote likaangua kicheko. Akina mama wanaouza ndizi nje wakaacha ndizi zao wakaja dirishani. Mmoja akambeba mtoto juu ili naye aone. (Mtoto alilia.)

Mgeni hakucheka. Alimwuliza Kwamboka, "Mteja akibaki hivi na stima hakuna, utafanya nini?"

Kwamboka akaenda darasa la ushonaji akarudi na kitana na makasi ya kukatia vitambaa. Hajawahi kunyoa mtu kwa makasi. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Lakini alinifunga shuka upya, akasema, "Pole mteja, nitajaribu kukusaidia," akaanza. Kila akikata, "pole mteja". Sikio likiguswa, "pole sana mteja". Mimi nikawa namwomba Mungu.

Aliponipa kioo, upande mmoja ulikuwa kipara na ule mwingine ngazi za kupandia mlimani.

Mgeni akaziangalia zile ngazi kwa muda. "Makasi bado hujui," akamwambia Kwamboka. "Hiyo nitakufundisha mwenyewe. Lakini mteja hukumkimbia, na mimi hukunidanganya. Jumatatu uje kazini."

Kwamboka akalia. Vijana wakambeba juu juu mpaka uwanjani, mgeni akawafuata akitabasamu. Mimi nikabaki kwenye kiti, nimefungwa shuka, hakuna aliyekumbuka kunifungua. Nilikuwa na furaha kweli, sitawaficha. Ila nilipopita sokoni kwenda nyumbani, mzee mmoja alinisimamisha, akaniuliza kwa upole kama hospitali walinishona vizuri.

Stima imerudi jioni hii, jua likiwa limeshatua. Sabato imeingia, na vinyozi wote ninaowajua ni Waadventista wenzangu, hawashiki mashine siku hiyo. Kesho ni zamu yangu kusoma matangazo mbele ya kanisa, na mwanamume haingii mle na kofia. Ndugu zangu wa kanisani mlio kwenye hii group, nawasihi: nikisimama, fumbeni macho kana kwamba tunaomba.