Nyongeza ya Hewa ya Bweranyange

Jumatatu, 8 Julai 1957. Bweranyange.

Barua kutoka Muleba. Kaka Rwezaura anasema kile kibanda cha nyuma ya migomba yake amekwisha kukifagia, nikichoka na mambo ya Karagwe nirudi tu. Amekifagia! Mwaka jana siku ninaondoka alikuwa ameshika ufagio huohuo. Nimemjibu shikamoo, nikamwambia sirudi ng'o, maana sasa mimi ni mtu wa sayansi. Mke wangu Placida aliisoma barua akiwa nyuma ya bega langu. Akauliza kama sayansi yenyewe ina habari.

Itapata habari. Daktari Marit, mama wa ng'ambo anayepima hewa, anaondoka Alhamisi ya wiki ijayo. Mashine yake itabaki hapa mlimani mwaka mzima, na msomaji mmoja atabaki nayo kwenye nyumba ya mabati ambayo imekwisha kujengwa. Wasomaji tuko wawili. Mimi, Melkiory, na Cassian wa Kituntu, mtoto wa wafugaji, ambaye hulitafuna neno mara saba kabla ya kulitoa. Nikiikosa kazi hii, ni Muleba, kibandani, chini ya ufagio wa kaka. Siikosi.

Niieleze kazi, wajukuu wasije wakadanganywa. Juu sana, kupita mawingu, kuna hewa inaitwa ozoni. Inakula sehemu fulani ya mwanga wa jua, sehemu ambayo macho hayaioni. Mashine ni ndefu kama jeneza (siku inapandishwa mlimani wanaume walivua kofia). Inaupasua mwanga rangi kwa rangi kama upinde wa mvua, kisha inalinganisha kipande kilicholiwa na kipande kilichoachwa. Sisi tunazungusha gurudumu mpaka sindano isimame katikati, tunaandika namba. Daktari anapiga hesabu, anajua hewa ile ni kiasi gani. Basi. Si mganga. Jirani yetu Kemirembe alimpelekea goti lake bovu, akarudi nalo, na hasira juu.

Mimi nasoma Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Cassian siku zilizobaki, isipokuwa Jumapili.

Leo gurudumu limesema 258. Juzi Cassian aliandika 258. Ubahili gani huu! Pale soko la Kihanga, muuza maharage anayekupimia kibaba cha mfuto, yaani anapangusa juu kwa kiganja mpaka pawe sawa, hasalimiwi mara ya pili. Muungwana anakujazia kibaba mpaka kinafanya kilima, kisha anatia konzi moja ya nyongeza. Huyu mama amevuka bahari kuja kupima hewa yetu. Tumpe mfuto?

Nimeandika 265.

Jumatano, 10 Julai.

Gurudumu: 257. Mimi: 270.

Daktari aliitazama namba. Akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Akauliza kama nina hakika. Nikasema kabisa. Akanipa mkono! Cassian, ambaye jana aliandika 258 kama kawaida yake, hakupewa mkono. Alinifuata baadaye kuuliza namba zangu zinapandaje. Nikamwambia ni kipaji.

Alhamisi, 11 Julai.

Daktari hakula chakula cha mchana. Karatasi zimejaa meza. Ametuita akatuambia kwamba hewa ya Bweranyange inapanda Jumatatu na Jumatano, inashuka Jumanne na Alhamisi, na jambo hili halijaonekana popote duniani. Macho yake yaling'aa. Anatafuta sababu. Akauliza kama wafugaji huchoma nyasi katika siku zangu, maana huenda moshi unaigeuza hewa.

Cassian alianza kutafuna jibu. Nikamwahi. Nikasema ndiyo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ni mila ya babu zetu. (Babu zangu walikuwa na migomba tu. Lakini hakuuliza babu wa nani.) Akaandika yote. Akasema kesho atasimama kando yangu aone moshi na namba vikipanda pamoja.

Kwa hiyo moshi lazima uwepo.

Mchana nikateremka kwa Ndyamukama, mwenye ng'ombe kwenye mbuga chini ya mlima. Yeye huchoma kila kiangazi ili nyasi changa ziote, lakini akasema bado, mpaka mwisho wa mwezi, upepo utulie, na kwanza afyeke mkanda wa kuzuia moto. Upepo, upepo! Wazee wa siku hizi waoga. Nilikuwa na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kilipofika nusu, mkanda ulisahaulika. Kilipokwisha, Ijumaa ilikuwa siku njema kuliko zote.

Ijumaa, 12 Julai.

Moshi ulipatikana. Sitaki kusema zaidi.

Nitasema. Ndyamukama aliwasha saa nne. Ilipofika saa sita jua lilikuwa jekundu kama jicho la mlevi, kisha halikuonekana kabisa. Pasipo mwanga, mashine haina cha kupasua. Sindano ililegea, ikaenda kila ilikotaka. Daktari kando yangu, penseli mkononi. Nifanyeje? Nikaandika 281.

Akaniuliza jua liko wapi. Nikaonyesha juu, bila kusita. Akasema ule ni moshi. Akaniuliza nimesoma nini.

Sijajibu, upepo ukageuka. Mama wee! Moto ukapanda mlima! Mimi nilitoa amri pande zote. Hakuna aliyezitii. Cassian, ambaye haikuwa hata siku yake, alitokea mbio na ngozi mbichi ya ng'ombe, akaifunika mashine, akaanza kuupiga moto kwa matawi. Daktari naye akaupiga, pindo la sketi likaungua. Placida, mke wangu mimi, aliupiga kwa majani ya mgomba na hakunitazama hata mara moja. Mashine ikapona. Nyumba ya mabati ikapona.

Mimi niliokoa daftari la namba. Ingekuwa afadhali liungue.

Jumamosi, 13 Julai.

Daktari amesoma mwenyewe leo: 258. Kisha akaniita.

Nilisema kweli yote, kichwa juu. Nikamweleza kibaba cha kilima na kibaba cha mfuto, na konzi ya nyongeza, na kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nikamwambia sikuiba kitu, niliongeza. Tangu lini anayeongeza akaitwa mwizi? Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa kwenye bahasha barua aliyowaandikia wenzake wa ng'ambo kuhusu hewa yetu inayopanda, kurasa nne, akaichana mbele yangu. Polepole. Akasema hakuvuka bahari kutafuta kilima. Alikuja kutafuta mfuto.

Macho yake yalikuwa mekundu, na leo hapakuwa na moshi.

Hapo niliumia. Nimeumia mpaka sasa ninapoandika. Bora angefoka. Nilimpenda yule mama na nilitaka aende kwao na namba nono, nimemharibia safari.

Lakini nasema bado: nchi inayotoa kwa mikono miwili, kosa lake ni nini?

Placida ameuliza kama aanze kufunga mizigo ya Muleba. Nikamwambia asiguse hata sufuria.

Alhamisi, 18 Julai.

Daktari ameondoka asubuhi. Nyumba ya mabati kapewa Cassian. Sawa. Akae humo, jua la mchana limkaange.

Ila ngoja. Kumbe ni Cassian aliyenitetea. Alitafuna, akatafuna, akamwambia Daktari kwamba huyu Melkiory hajakosa hata siku moja, na mlimani hufika kabla ya ndege. Kwa hiyo nimepewa kipimo cha mvua cha Kituntu! Mkebe wa shaba, kijiti cha kupimia, kitabu kipya. Sikujua nimshukuru Cassian au nimchukie, nikamsalimia tu nikapita.

Daktari aliniapisha mbele ya gari lake kwamba nitaandika kilichomo mkebeni, si zaidi, si pungufu. Nimeapa kwa Biblia. Alinipa mkono tena, mkono mdogo kuliko ule wa kwanza.

Nimemwandikia kaka kwamba nimepandishwa cheo na sasa nina kituo changu mwenyewe. Aweke ufagio chini.

Jumamosi, 27 Julai. Kituntu.

Mvua: sifuri. Jana sifuri. Tangu nifike, sifuri tisa zimepangana kama mayai. Ni kiangazi, hata ng'ombe wanajua. Kila asubuhi nainama, natumbukiza kijiti, kinatoka kikavu, naandika. Sijaongeza kitu. Placida ni shahidi, na amenisifu, mara moja.

Leo barua ya Rwezaura. Anakuja kesho kwa basi, na wazee wawili wa Muleba, kukiona kituo changu na kukisoma kitabu changu kwa macho yake. Kwa macho yake! Afungue akute sifuri tisa? Watarudi wakatangaze kanisani kwamba Melkiory ameajiriwa kulinda patupu. Kibanda kitafagiwa tena. Sikubali. Simrudii mtu.

Nimekifikiria kiapo neno kwa neno. Niliapa kuandika kilichomo mkebeni, si zaidi, si pungufu. Nitakiandika, hivyohivyo, mfuto kabisa. Kuhusu namna maji yanavyoingia mkebeni, Daktari hakusema hata neno moja, na mimi si mtu wa kumwongezea Daktari maneno.

Placida alipokwenda kisimani nilichukua kikombe cha chai, nikamimina. Nikatumbukiza kijiti. Robo inchi. Mvua nzuri, ya heshima, haina makuu. Nikaandika robo inchi, nikafunga kitabu.

Kisha nikakumbuka kwamba wanaokuja ni wageni. Nikaongeza kidogo.