Kikombe cha Kutambua Sumu

Siku Elihuruma alipoingia katika duka la Fanuel la vyombo vya plastiki, jirani na soko la Kilombero mjini Arusha, alimkuta mwenye duka akigombana na katoni tano za vikombe. Kwa kuwa katoni hazijibu, Fanuel alikuwa anashinda.

"Vimekukosea nini?" aliuliza Elihuruma.

"Rangi! Mteja ananunua kikombe cha bluu, akifika nyumbani anamimina chai, kinageuka cha waridi. Kesho yake yuko hapa: 'Fanuel, kikombe chako kinachuja.' Namweleza kwamba kiwandani wamechanganya unga maalumu ndani ya plastiki. Ukipata joto, bluu inajificha. Ukipoa, bluu inarudi. Ni urembo tu! Haelewi. Anataka hela yake."

Elihuruma alikichukua kimoja. Kilikuwa na mng'ao wa lulu, na ndani ya plastiki yenyewe chembe za rangi ya fedha zilimetameta kila alipokigeuza. Alipokirudisha mezani, alama za vidole vyake vitano zilibaki ubavuni kwa rangi ya waridi, kisha zikafutika taratibu moja baada ya nyingine.

Mtu mwingine angesema "duh" na kuendelea na safari zake. Elihuruma alikishika tena. Kwake yeye, kitu kinachobadilika bila sababu ya kuonekana ni kitu kinachosubiri kupewa sababu. Alizichukua katoni zote kwa bei ya kumwonea huruma Fanuel, na Fanuel akamshukuru.

Sababu aliipata Olasiti. Huko aliishi Frederick, dalali wa viwanja, mtu mzito kwa mwili na kwa heshima, ambaye mwaka uliotangulia aliuza kiwanja kimoja kwa familia tatu. Zote zilikuwa familia nzuri, na kila moja ilikuwa imemwahidi kitu kibaya. Tangu hapo Frederick alifungua soda zake mwenyewe, na alipozungumza aliziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba. Kwenye harusi alishiba kwa macho.

Elihuruma alimwendea ofisini akiwa na koti jeupe la mtumba, lililoshonwa jina la daktari wa watu kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama ni viwanja, vimeisha."

"Sijaja kununua, mzee. Nimekuja kukulinda."

Aliweka vikombe viwili mezani. Cha kwanza alikimiminia maji baridi ya chupa. Kikabaki bluu kama kilivyozaliwa. Kisha akatoa chupa nyingine, aliyoiviringisha ndani ya sweta kama mtoto mchanga, akamimina maji yake katika kikombe cha pili huku akidondosha unga mweupe. "Sumu ya panya," alinong'ona. Ilikuwa chumvi. Rangi ya waridi ikapanda kutoka chini ya kikombe mpaka juu.

Frederick alinyoosha mkono.

"Usikiguse, mzee! Nina watoto, sitaki kesi."

Hakuwa na watoto. Kesi alikuwa nazo.

"Plastiki hii wanaitumia nani?" aliuliza Frederick, akiurudisha mkono.

"Wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Walio hai."

Laki tatu. Frederick, ambaye maishani mwake hakuwahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, alilipa bei ya kwanza, na akachukua na namba ya simu.

Jioni hiyo mkewe Hanna, mwenye genge la chai na mandazi kule Engutoto, alimletea chai ya tangawizi. Frederick akaimimina katika kikombe chake kipya. Kikageuka waridi mpaka kwenye kishikio chake.

"Hanna," alisema kwa sauti ya mtu anayesoma wosia, "nimekukosea nini?"

"Leo? Nianzie wapi?"

"Umenitilia sumu."

Hanna alitaka kucheka, lakini mumewe alikuwa ameshakisogeza kiti chake mbali na meza. Miaka ishirini na miwili alikuwa amempikia mtu huyu. Alikitwaa kikombe, akanywa chai yote mbele yake, akafuta midomo. "Nikifa, mwambie dada yangu unga wa kesho uko kwenye ndoo."

Hakufa. Frederick alisema basi ni sumu ya polepole. Kesho yake mtori ulikuwa na sumu, uji ukawa na sumu. Siku tatu aliishi kwa biskuti na maziwa ya friji, na siku ya nne akampigia kaka yake aliyeko Machame aitishe kikao cha ukoo. Hapo ndipo Hanna alipoumia hasa. Kuitwa mwuaji jikoni kwake ni jambo la kumsonyea mtu. Kuitwa hivyo mbele ya mashemeji ni jambo la kuzikwa nalo.

Lakini alikuwa amegundua kitu: maziwa ya friji hayakuwahi kuwa na sumu. Akakiosha kikombe, akakiweka kitupu dirishani, juani. Baada ya robo saa akamwita mumewe.

"Nani amekitilia sumu? Jua?"

Frederick alikisogeza kivulini, kikarudi bluu. Akakisogeza juani, waridi. Alifanya hivyo mara nne, kila mara akizidi kuwa mdogo ndani ya shati lake.

"Mke wangu," alianza.

"Usianze na mimi. Anza na kaka yako. Mpigie."

Alipomaliza kujikanyaga kwenye simu, alitaka kwenda polisi. "Nenda," alisema Hanna. "Watakuuliza kwa nini unaogopa sumu. Uwaeleze na habari ya kile kiwanja." Frederick akakaa. "Nipe namba ya huyo mtaalamu," mkewe akasema.

Hanna alipiga akisema anataka kutoa shukrani, akaelekezwa; chumba cha Elihuruma hakikuwa mbali na genge lake. Alimkuta kijana akifuta vumbi kwenye vikombe, mkononi ana orodha ya watu wenye maadui.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akubariki! Kikombe chako kimemwokoa Frederick wangu."

Elihuruma alitabasamu kwa unyenyekevu. "Kimemwokoaje, mama?"

"Si kiligeuka waridi? Tukaipeleka chai kupimwa. Sumu tupu."

Tabasamu lilibaki usoni, mwenyewe akawa ameshaondoka. "Sumu... sumu hasa?"

"Hasa. Wapelelezi wamekipenda sana kikombe. Ila wana swali moja dogo: aliyekiuza alijuaje kwamba mzee atawekewa sumu siku ile ile?"

Elihuruma alikuwa na majibu kwa maswali yote ya mjini Arusha. Kwa hili alikuwa na jibu moja tu, la kweli, na lilikuwa la kumpeleka jela kwa utapeli. Akikaa kimya, angekwenda kwa jaribio la mauaji.

"Mama, nisaidie."

"Mimi nafikiri hivi. Hela ya mzee ikirudi, hakukuwa na biashara. Pasipo biashara hakuna muuzaji. Na vikombe hivi, mwanangu, wakikukuta navyo?"

Elihuruma alizihesabu laki tatu kwa haraka, kisha akazibeba katoni mwenyewe mpaka kwenye bajaji ya mizigo iliyokuwa ikingoja nje. Hakujiuliza kwa nini mtu aliyekuja kutoa shukrani amekuja na bajaji tupu.

"Haya, chukua na mandazi," alisema Hanna akitabasamu, akampa mfuko. "Utakula njiani."

"Njia ipi, mama?"

"Hiyo unayoiwaza."

Vikombe vile leo viko gengeni Engutoto. Hanna anamweleza kila mteja habari ya unga na joto, na watoto wanawavuta wazazi wao waje waone chai ikibadili rangi. Hakuna anayelalamika kwamba vinachuja.

Elihuruma hakuyaona hayo. Siku ile ile, basi la Moshi liliposimama kituo cha Maji ya Chai, njaa ilimkumbusha mfuko. Mandazi yalikuwa bado ya moto, yananukia iliki. Alifungua mdomo. Ndipo akajiuliza: kama chai ya Frederick ilikuwa na sumu kweli, ni nani aliyeipika?

Alilikumbuka lile tabasamu la yule mama.

"Kaka, kama huli, tugawie," alisema abiria wa jirani.

"Usiguse!" Elihuruma aliutupa mfuko wote dirishani, akaketi akimeza mate. Na kwa dakika nzima, mpaka basi liliponguruma tena, alijuta kwa moyo wake wote kwamba hakubakiza hata kikombe kimoja cha kupimia.