Sweta za Chupa

Jumatatu, 15 Desemba

Mzigo umefika! Chumba cha wageni kimejaa mpaka dirishani. Sweta za kuvalisha chupa za mvinyo. Vizibuo vya umeme. Mikufu ya kuning'iniza glasi kifuani, mikono ibaki huru kwa kula na kupiga makofi. Zawadi za sikukuu hizo! Watu wataning'ang'ania.

Mke wangu kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kauliza kama chupa nazo zinasikia baridi. Nikamwambia biashara haijui. Akasema mama yake anakuja Ijumaa na atalala humo. Akikuta boksi hata moja, wataondoka wote wawili, na safari hii harudi. Eti safari hii! Ile ya miavuli ya viatu si alirudi? Ila kalisema kwa upole, na sikuupenda upole ule. Akifoka huwa nalala vizuri.

Jumanne, 16

Nimezunguka mtaa mzima. Mwenye bucha kanunua sweta moja, kamvalisha paka wake mbele ya macho yangu. Fundi cherehani, jirani yetu, kacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kijicho tu.

Lakini meneja wa hoteli kakubali! Kesho nikaonyeshe bidhaa kwenye sherehe ya wafanyakazi. Akizipenda, anachukua zote. Mke wangu kasikia, katabasamu kidogo.

Jumatano, 17

Balaa! Nimewasha kizibuo, kikanguruma, ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Chupa haina kizibo. Ina kifuniko cha kuzungusha kwa mkono! Nikaomba nyingine. Yale yale. Mhudumu akaifungua kwa vidole viwili, watu wakampigia yeye makofi.

Sikukata tamaa. Nikamvisha meneja mkufu, glasi imejaa mvinyo mwekundu. Kapendeza! Papo hapo akaingia mwenye hoteli, mama mtu mzima, nguo nyeupe pepepe. Meneja akainama kumwamkia. Glasi nayo ikainama.

Mlinzi kanitoa kwa mlango wa jikoni. Bidhaa haina kosa. Watu ndio wamezidisha adabu.

Alhamisi, 18

Fundi kabisha hodi. Kasema sweta zile akizishona shingoni zinakuwa kofia nzuri za watoto wachanga, na vizibuo atavitoa mota. Anachukua maboksi yote, leo hii, mkokoteni uko nje. Kwa bei ya kutupa, lakini chumba kitakuwa kitupu kabla ya jioni.

Mke wangu kanishika mkono. Kasema, mume wangu, nakuomba. Hajawahi kuniomba namna ile.

Nikafikiria jina langu. Mimi, kofia za vichanga? Nikamfukuza fundi na mkokoteni wake. Mke wangu kaniachia mkono. Kaingia chumbani, nikasikia zipu ya begi.

Ijumaa, 19

Mama mkwe nitamshinda kwa ukarimu! Nikajivika mkufu, glasi imejaa sharubati ya kumkaribishia, mikono huru kwa kupokea mizigo. Kabisha hodi. Nikafungua, nikamwambia shikamoo mama, nikainama kwa heshima zote.

Kumbe sharubati haitoki kwenye gauni la hariri.

Hata kiti hakukalia. Kachungulia chumba cha wageni, kamtazama binti yake, wakaondoka. Mke wangu kaniwekea ufunguo mezani, kaniambia nijitunze. Kwa upole ule ule.

Jumamosi, 20

Nyumba kimya. Nimekula mkate mkavu nimesimama jikoni. Nimelia kidogo, sitaficha, hasa nilipoona mswaki wake haupo. Nikampigia. Kapokea mama yake, kakata.

Nikafungua kabati lake. Tupu. Uvungu wa kitanda, mtupu. Ukuta mzima ule, hauna kitu! Nikampigia mwagizaji anayeniletea mizigo hapo hapo. Kasema ana glasi za mvinyo zenye taa zinazowakawaka, mzigo mkubwa, ila anahofia sina pa kuziweka.

Nikamwambia alete tu. Sasa nina vyumba viwili.